Leo Nimekuwa Mtu wa Bahari

Leo nimeaibika mbele ya Kapteni, mke wa Kapteni na mbuzi wa Kapteni. Mbuzi ndiye aliyeniumiza zaidi. Nitafika hapo.

Ndugu zangu wa Bungoma, someni pole pole, na mama asisomewe. (Mwambieni tu kwamba niko salama na ninakula vizuri. Yote mawili ni kweli, isipokuwa leo.)

Mnajua nafagia kwenye ile klabu ya ziwani, upande wa Ggaba, huku ng'ambo ya mpaka. Wenyewe, wale wa mashati meupe na mbwa wanaojua Kiingereza kunishinda, wameshaondoka. Klabu amepewa Kapteni wa jeshi, kama wenzake walivyopewa maduka na viwanda. Alikuja kuikagua na fimbo kwapani. Akakagua baa, akafurahi. Akakagua jiko, akafurahi kidogo, maana Mama Riziki, mpishi wetu kutoka Bukavu, alimwambia apanguse viatu kwanza. Kisha akafungua stoo.

Mle stoo ndimo zinamokaa mbao za kupandia upepo. Hamjawahi kuziona, basi nawaeleza. Ni ubao mrefu kama mlango, umechongoka mbele. Juu yake unasimikwa mlingoti wenye tanga, na mtu anasimama wima, ameshika mti wa tanga, anakwenda juu ya maji. Hana injini, hana kasia, hana akili. Anakwenda tu! Miaka miwili nimewatazama wenye klabu wakipaa hivyo, mimi nimeshika ufagio. Kuna ubao mmoja wa buluu ambao nimeupangusa mpaka tumezoeana. Nikiingia stoo nausalimia. (Msianze. Wafula wetu naye husalimia baiskeli yake, na hiyo haina hata breki.)

Kapteni aliugonga ule wa buluu kwa fimbo.

"Hii meza, miguu yake nani amechukua?"

Tukainama sote kutafuta miguu. Huku siku hizi mtu anaweza kutoka kwenda kununua sigara na asirudi, kwa hiyo mkubwa akisema kitu ni meza, watu hutafuta viti.

"Basi wiki kesho seremala atakuja," akasema. "Atakata hizi zote, ataweka miguu. Nataka meza ya baa."

Mdomo wangu haukuniuliza ruhusa. "Afande, si meza hiyo. Hupandwa. Inakwenda na upepo juu ya maji."

"Nani anajua kupanda?"

Akanitazama kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ufagio.

"Wewe si natoka Kenya?"

"Ndiyo, afande."

"Kenya iko bahari, apana?"

"Iko, afande." (Sikudanganya. Iko. Mimi ndiye sijafika.)

"Basi wewe mtu ya bahari! Jumapili naleta wageni. Utapanda. Ukiweza, hakuna kukata, na wewe utakuwa mwalimu. Ukishindwa, seremala."

Tangu hapo jina langu likawa Mombasa. Mimi! Mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyoyajua utotoni ni yale ya pipa la shule!

Ningeweza kukana. Lakini niliona ule ubao wa buluu umekatwakatwa, watu wamewekea chupa za bia juu yake, wanazimia sigara kwenye mgongo wake. Roho ikakataa. Na pia, niwaambie ukweli, neno "mwalimu" lilinilevya kidogo.

Basi leo ndiyo Jumapili.

Nimeamka kule chumbani kwangu Wandegeya nikavaa kaptula, kama nilivyowaona wenye klabu. Nimefika jikoni, Mama Riziki akashika kiuno.

"Weye mutoto, unaenda wapi na ile magoti?"

"Ziwani, Mama."

"Mbele ya bibi ya Kapteni? Unataka wakuulize hii mapaja ni ya nani?"

Nikasimama. Kweli, nguo siku hizi zina amri. Sketi fupi marufuku. Wigi marufuku. Kaptula je? Amri yake inaishia juu ya goti au chini ya goti? Hakuna anayejua vizuri, na hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kuuliza. Nikavua kaptula, nikavaa suruali ya kwenda nayo kanisani: bugaluu ya kahawia niliyoipata sokoni Owino, pana huku chini hivi kwamba kuku na vifaranga vyake wanaweza kupita mguuni bila kuinama. Nikajitazama kwenye sufuria. Mwalimu kabisa.

Wageni walikuwa wameshaketi kwenye viti juu ya majani, maofisa na wake zao, na Kapteni katikati kwenye kiti chenye mikono. Pembeni alifungwa mbuzi wa kuchomwa baadaye, naye alikuwa anatazama ziwa kama mtu aliyelipia kiingilio.

Upepo, jamani! Ulikuwa unatoka ziwani na hasira zake zote. Mimi mpango wangu ulikuwa kucheza karibu na gati, penye maji ya kiunoni, nizunguke mara mbili nipunge mkono, basi. Lakini ng'ambo ya gati kuna miamba iliyojificha chini ya maji, na wavuvi wanapaita Meno. Mawimbi hutoka mbali yamelala kama watu wema. Yakifika Meno yanasimama wima, yanajikunja, yanavunjika kwa kishindo. Katika wenye klabu wote, mmoja tu ndiye aliyethubutu kupanda pale, na siku moja alirudi bega limetoka mahali pake.

"Mombasa!" Kapteni akaita. "Si hapo kwa bata. Kule!" Akanyoosha fimbo.

"Afande, kule ni Meno."

"Mtu ya bahari anaogopa meno?"

Akacheka. Wageni wote wakacheka. Akanyamaza. Wote wakanyamaza, kama redio imezimwa.

Nikausukuma ubao wa buluu majini. Nikapanda, nikavuta tanga. Nikaanguka. Nikapanda, nikavuta. Nikaanguka kwa upande mwingine, kwa kubadilisha. Bugaluu ikaanza kunywa maji. Nikasikia sauti ya mke wa Kapteni kutoka ukingoni: "Anafanya nini huyo?"

Mama Riziki, aliyekuwa anapitisha ndizi, akajibu bila kupepesa: "Anasalimia maji, Madamu. Batu ba bahari ni adabu yao. Lazima kusalimia kwanza."

"Ahaa," wakasema wageni.

(Mungu ampe huyo mama nyumba ya mabati mbinguni.)

Nikasalimia maji mara nyingi sana. Mpaka maji yenyewe yalichoka kuitikia.

Halafu, sijui ilikuwaje. Tanga likainuka, upepo ukaingia ndani yake kama mtu anayeingia kwake, na ubao ukaondoka! Nikiwa juu! Nimesimama! Mikono inauma, lakini nakwenda, ndugu zangu, nakwenda kama treni ya Kisumu ikiteremka! Katikati ya tanga limeshonwa dirisha la nailoni, kipande kinachong'aa kama kioo ili mpandaji aone mbele, na kupitia dirisha hilo nikaliona wimbi la kwanza la Meno linakuja. Nikapiga kelele. Ubao ukalipanda. Nikaruka hewani, chini yangu hakuna kitu, na nikatua, na bado nimesimama! Nililia. Si kwa hofu. Nililia kwa sababu miaka miwili nilikuwa nikijiuliza hali hiyo ikoje, na sasa najua, na ni nzuri kuliko nilivyofikiri.

Wimbi la pili nalo nikalipanda. Ukingoni watu walishangilia, nikasikia kwa masikio yangu.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sijui kugeuza.

Msiniulize mtu anatazamaje kitu miaka miwili bila kuona kinavyogeuzwa. Nitawaambia. Wale wapandaji walipofika mahali pa kugeuzia, wenzao wa ukingoni walikuwa wanapiga makofi wapate bia. Na wa kwenda kuchukua bia ni nani? Mimi! Nikirudi na trei, mpandaji ameshageuka zamani. Kwa hiyo katika elimu yangu yote ya upepo, sura ya kugeuza haimo.

Nikaenda moja kwa moja. Wimbi la tatu lilikuwa si wimbi, lilikuwa nyumba. Likaninyanyua, likanitazama, likanitupa. Nikasikia mlingoti unasema ka! Kisha nikawa chini ya maji pamoja na bugaluu.

Sasa sikilizeni habari ya bugaluu. Suruali nyembamba ingekuwa suruali tu. Bugaluu ikijaa maji inakuwa magunia mawili, kila mguu na gunia lake, na yote mawili yana safari ya kwenda chini. Mimi naogelea kama mbwa, nilivyojifunzia hapa gatini, na mbwa haogelei na magunia. Nikapiga mateke. Yakavuta. Nikafikiria kanisa, nikafikiria bei ya suruali, nikafikiria mama. Nikafungua kifungo. Ziwa likaichukua bila hata kusema asante, na chupi ikafuata, kwa sababu mpira wake ulikuwa umeshastaafu.

Nikaibuka. Ubao wa buluu ulikuwa hapo hapo unaelea unaningoja, mzima, hauna hata mkwaruzo. (Nyie chekeni, lakini niliubusu.) Mlingoti umekatika vipande viwili, tanga limechomoka. Nikaulalia ubao, tanga nimelishika, na mawimbi yenyewe yakanirudisha pole pole kuelekea majani ya klabu. Penye maji ya kifuani nikasimama nikafanya akili. Nikajizungushia tanga kiunoni, nikafunga fundo. Jeupe, refu mpaka miguuni. Nikajiona kama chifu. Nikatoka majini kichwa juu.

Kimya.

Nikadhani ni heshima. Nikatembea katikati ya wageni, huku na huku, mashavu yao yamevimba kama watu waliojaza maji mdomoni. Ofisa mmoja alikuwa anauma kofia. Mke wa Kapteni alikuwa anaangalia mawingu kwa bidii. Nikasimama mbele ya Kapteni, nikapiga saluti.

"Afande, imepandwa!"

Kapteni akainuka. Akanizunguka taratibu kama anakagua gwaride, akafika nyuma yangu, akasimama hapo muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kucheka, maana Kapteni alikuwa bado hajaamua kama hiki ni kichekesho au ni kosa.

Mbuzi ndiye peke yake asiyekuwa na cheo cha kupoteza. Akanitazama kwa nyuma, akafungua mdomo: "Mee-he-he-he-heee!"

"Mwana wangu," Mama Riziki akaninong'oneza, machozi yanamtoka, "iko dirisha."

Nikapeleka mkono nyuma. Nailoni. Laini, safi, mimi mwenyewe ndiye niliyeipangusa kila wiki ili ing'ae. Nilikuwa nimetembea katikati ya jeshi zima la wageni nikiwaonyesha, kupitia dirisha, kila kitu ambacho mama alinifundisha kukikalia.

Kapteni akapasuka. Alicheka akashika mti, mti ukamshinda, akakaa chini. Na alipocheka yeye, wote wakaachiliwa. Ofisa wa kofia alianguka na kiti chake. Mke wa Kapteni alicheka mpaka akaomba aletewe maji. Mama Riziki alinifunga aproni yake nyuma, naye anacheka ananipiga piga mgongoni, "pole mwanangu, pole," na kucheka tena.

"Mombasa!" Kapteni akasema alipopata sauti. "Hakuna kukata mbao. Seremala atatengeneza mlingoti. Wewe mwalimu!"

Moyo wangu ukaruka kuliko pale Meno. "Asante, afande!"

"Jumapili ijayo naleta wakubwa zaidi. Utafanya tena."

"Nitajifunza kugeuza, afande. Safari hii sitaanguka."

"Apana!" Uso wake ukabadilika, fimbo ikarudi kwapani. "Utaanguka. Vile vile. Na dirisha. Hiyo ni amri."

Basi ndiyo hali yangu, ndugu zangu. Ubao wa buluu umepona, umelala stoo na miguu haujawekewa. Mimi nimekuwa mwalimu wa upepo wa kwanza kutoka Bungoma, na kazi yangu ni kupoteza suruali kila wiki kwa amri ya jeshi. Nyama sikula. Waliniletea sahani nzuri, mbavu zenyewe, nikaikumbuka ile sauti nikashindwa. Katika wote waliokuwapo, ni yule mbuzi tu aliyecheka kwa hiari yake.

Nitumieni suruali moja kuukuu, yoyote, isiwe pana. Na mkitaka kucheka, chekeni sana, chekeni sasa hivi, na mcheke wote kwa pamoja bila kumtazama mtu usoni. Huku kwetu hiyo bidhaa imeadimika kuliko sukari.