Nguzo za Siki

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mzee Margwe anatafuta mtu wa kumfugia ng'ombe wake wa maziwa. Tunaomtaka ni wawili hapa Endagikot: mimi na jirani yangu Sylvester. Mzee atakuja Jumapili kukagua. Mwenye zizi imara anamchukua ng'ombe, na maziwa ni yake. Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi tangu Krismasi! Mke wangu Bernadina kasema nikate miti mipya ya zizi. Kukata! Nyuma ya kanisa la kigango kuna nguzo za mkaratusi zimelala kwenye majani mabichi tangu masika yaliyopita. Bure kabisa. Zimeota uyoga kidogo tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwuliza Mwalimu Getruda, anayefundisha kemia sekondari, kuhusu ule uyoga. Akasema kuvu wanaoozesha mti hutegemea maji yaliyomo ndani ya mti wenyewe. Kumbe kuna viwanda vinavyougeuza mti kwa kemikali, usishike maji tena. Si sumu. Kuvu wanatua hapo, wanakosa maji, wanashindwa kula. Na mbao hizo hunuka siki. Alikuwa bado anaeleza, lakini mimi nilishafika barabarani. Siki! Watu wanasoma miaka yote hiyo na jibu liko dukani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza siki yote ya duka la Yasmini mjini. Aliuliza kama nafungua banda la chipsi. Nguzo zimelowa kwenye pipa. Mikono inawasha. Bernadina analalamika kwamba hata shuka zinanuka kachumbari. Sylvester alipita, akauliza kama tuna sherehe. Yeye anahangaika na miti migumu aliyoikata mwenyewe, jasho linamtoka. Masikini.

Jumapili, 10 Machi

Sitaki hata kuandika.

Mzee Margwe alikuja baada ya ibada. Nilimpa shikamoo mara mbili, kwa usalama. Akasifu zizi nililolisimamisha jana kwa nguzo zile. Nikaanza kumweleza habari za kuvu kukosa maji. Maelezo yalikuwa marefu kidogo, mzee akachoka, akaegemea nguzo ya mlango. Ikakatika kama muhogo wa kuchemsha! Mzee chini, kofia kwenye matope. Ndani ya nguzo mlikuwa na unga mtupu, wenye harufu ya siki. Na aliyemwinua ni nani? Sylvester! Alikuwa anapita, eti.

Ng'ombe amelala kwake. Bernadina hakunigombeza. Aliwamiminia watoto chai ya rangi. Hilo limeniuma sana.

Jumanne, 12 Machi

Getruda amecheka hadi akakaa chini. Akasema siki ni harufu inayobaki baada ya kazi, siyo inayofanya kazi. Tena kiwandani wanaanza na mbao nzima, kavu. Iliyokwisha kuliwa haifufuki. Nikamlaumu kwamba hakusema mapema. Akadai alikuwa anasema, ila mimi nilikuwa naondoka. Walimu kwa ubishi!

Ijumaa, 15 Machi

Mke wa Sylvester ameleta kibuyu cha maziwa mgando kwa ajili ya watoto. Bernadina ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Watoto wakakimbilia vikombe. Nikaonja kidogo.

Uchachu ule! Siki ya Yasmini haioni ndani. Kumbe kosa lilikuwa ni siki ya dukani tu!

Nguzo za upande wa shamba bado zimesimama. Nimezimiminia kibuyu kizima. Bernadina yuko mlangoni na watoto, wameshika vikombe, anauliza maziwa yako wapi. Nimemwambia asinisumbue, yako kazini.