Tanki la Kwenda Karema

Jumatatu, tarehe 4 Novemba
Tanki limeoza. Nimeligonga kwa bisibisi, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Mustang yangu, gari la Kimarekani la mwaka sabini na moja, silinda nane, niliyoachiwa na Mzungu wa tumbaku aliyechoka kuitafutia spea, haina pa kuwekea mafuta. Nimeendesha lori la tumbaku mpaka nimestaafu nikijua ipo siku nitaendesha kitu cha maana. Siku yenyewe ilikuwa wiki hii.

Aneth yuko kwao Karema tangu Julai. Alikwenda kumhudumia dada yake aliyejifungua. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, mke wangu bado hajarudi. Kwao mke hajirudishi. Mume ndiye anamfuata, anakaa sebuleni kwa wakwe, anakula, anasemwa kidogo, ndipo anakabidhiwa mtu wake. Yote nakubali. Ila nitaingia na Mustang. Shemeji zangu waliiita banda la kuku. Wataisikia kabla hawajaiona.

Leo kwenye simu Aneth ameuliza nakuja lini. Nimesema nikipata tanki. Akasema basi la Karema lipo. Basi! Nimemuaga kwa heshima.

Jumanne, tarehe 5 Novemba
Nimezunguka kutafuta tanki. Duka moja la Dar wanaweza kuagiza jipya kabisa, la Mustang hasa, linakaa bila kukata kitu. Miezi mitatu. Mpaka hapo Aneth atakuwa ameshachaguliwa mweka hazina wa jumuiya huko Karema.

La pili analo jirani yangu Uwesu, muuza spea. Ni la Land Cruiser, zima, halina hata kutu. Fundi Salvatori amelipima, anasema ukikata sakafu ya buti kidogo tu linaingia, na keshokutwa niko kwa wakwe. Sitaki. Uwesu aliwahi kuniuliza mbele za watu kama hili gari ni la kuendesha au la kufuga. Sasa eti nilichukue tu, tutajuana baadaye. Mtego huo. Mtu akikupa tanki, kila ukiwasha gari ni lake.

Jioni mke wake, Mwanaiddi, ameleta wali na maharage, kama kila siku. Ananiambia, Baba Upendo, usilale njaa. Najua wananichunguza. Nimekula wote.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba
Akili ni mali! Pacifique wa Katumba, anayerina asali kwenye misitu ya Ugalla, ameniuzia pipa dogo la chuma alilokuwa akiwekea nta. Chuma kizito, halivuji. Salvatori atalichomelea mdomo na bomba, liwe tanki ambalo hakuna mwingine analo.

Salvatori amenionya. Anasema petroli inayeyusha nta, na nta itaziba kabureta, kwa hiyo nilioshe kwa maji ya moto na magadi mara kadhaa, kisha nilizibe. Nimemwambia nimeelewa. Nimeliosha mara moja. Linanukia vizuri sana.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba
Tanki limechomelewa na kupakwa rangi nyeusi. Nimelipandisha juu ya paa la banda la gari likauke, mdomo wazi, lipigwe upepo. Uwesu akachungulia ukutani. Akasema kule Ugalla wakitaka nyuki wahamie kwenye mzinga, wanaupaka nta ndani na kuupandisha juu. Nimemshukuru kwa kunifundisha mambo ya nyuki mimi mzaliwa wa hapa. Watu wa madukani wanapenda kujua kila kitu.

Jioni nimewasha injini kwa dumu na mpira, kama mafundi wanavyojaribia. Ikaunguruma. Kuku wa mtaa mzima wakakimbia. Nikakaa kwenye usukani nikitazama mbele kana kwamba niko barabarani. Nikasema, Aneth, funga kioo, vumbi. Halafu petroli ya kwenye dumu ikaisha.

Sikushuka haraka. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, nami natumia kimoja. Nimemkumbuka sana mke wangu.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba
Nyuki. Kundi zima limehamia kwenye tanki langu.

Nilipanda na matambara yanayofuka moshi ili watoke. Wakatoka. Jicho la kushoto limefunga, na mdomo wa juu unatangulia kila ninakokwenda. Uwesu aliruka ukuta akanivuta mpaka kwake, Mwanaiddi akanipaka kitunguu. Uwesu hakucheka hata kidogo, na hiyo ndiyo dharau mbaya kuliko zote. Amesema lile tanki la Land Cruiser bado lipo. Nimekataa kwa mdomo niliokuwa nao.

Jumanne, tarehe 12 Novemba
Naenda Ugalla kumfuata Pacifique aje awahamishe. Uwesu amesema si nimpigie simu. Huko alikoweka kambi hakuna mtandao, kwa hiyo naenda kwa pikipiki. Nyumba nawaachia nyuki. Angalau safari hii siiachi tupu.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba
Nimerudi na Pacifique mchana. Mwanaiddi alikuwa ananisubiri barabarani.

Aneth alikuja jana. Mwanaiddi alikuwa amempigia kumweleza habari za uso wangu, naye akapanda basi, bila kufuatwa na mtu, akaivunja desturi ya kwao. Uani kwetu hakuweza kuingia kwa ajili ya nyuki. Simu yangu haikupatikana. Akakaa barazani kwa Uwesu akiangalia njia mpaka giza likaingia. Akalala hapo hapo kwa akina Uwesu, na leo alfajiri ameondoka.

Ameniachia migebuka, wale samaki wa ziwani kwao, na ujumbe. Kwamba hakuja kuona gari, alikuja kuniona mimi. Kwamba hatakuja mara ya pili. Nikimtaka, kwao napajua.

Nimekaa jikoni nikala migebuka peke yangu. Ameikausha vile ninavyopenda. Nimelia, kwa jicho moja tu, maana lile jingine halijafunguka.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba
Nimeamka na akili safi. Pacifique amewahamisha nyuki, tanki liko huru. Asubuhi Uwesu akapita na kusema anakwenda Karema leo kuchukua dagaa, kiti cha mbele hakina mtu, twende. Nimemshukuru, nikamwambia nina shughuli.

Hakuelewa. Mwanamke amebanwa kwenye basi kwenda na kurudi, amekula vumbi lote lile kwa ajili yangu. Huyo hafuatwi kwa kuomba lifti. Wala hafuatwi kwa gari litakaloishiwa mafuta katikati ya pori akiwa ndani. Nimemwagiza Pacifique pipa la pili. Salvatori ataliunganisha na la kwanza. Moja la kunifikisha, jingine la kumrudisha nyumbani.

Aneth sijampigia. Nitampigia nikiwa mlangoni kwao, injini ikiunguruma. Salvatori anasema kazi ya nje kama hii ataimaliza mvua zikikatika. Zimeanza leo.