Kisiwa Tunachokikomboa Mara Mbili kwa Siku

Mheshimiwa Naibu Katibu Mwandamizi wa Wizara ya Mipaka, Mawimbi na Masuala Mtambuka, ambaye hayupo lakini ametuma salamu. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa huyo, ambaye naye hayupo na salamu zake ziko njiani. Makamanda wa vikosi vya nchi kavu na vya nchi nyevu. Mashekhe na maimamu, wachungaji na wazee wa kanisa, nikiwemo mimi mwenyewe. Mabibi na mabwana wa Kizingitini, pamoja nanyi mliosafirishwa kutoka Chundwa na Mbwajumali kwa ahadi ya soda. Wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, na wewe adui wetu mpendwa uliyekalishwa pale mbele na pingu mikononi, ambaye bila wewe sherehe hii isingewezekana: asalamu aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo!

(Umati unaitikia. Adui anaitikia pia.)

Mimi naitwa Daktari wa Heshima Patroba Wafula, Mratibu Mkuu wa Operesheni Rudisha Kisiwa, na nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa kuwatangazia kwamba vita vimekwisha na tumeshinda, na si kushinda tu, bali kushinda kwa njia endelevu, shirikishi na jumuishi, iliyozingatia maoni ya stekiholda wote, hata kama stekiholda wenyewe mlikuwa mmelala.

(Makofi kutoka kiti cha Jeruto, msaidizi wake. Bi Alawiya, mama mtu mzima wa hapo hapo Kizingitini, anasimama na kitoto kichanga kifuani: "Bwana Patroba! Huyo si adui, huyo ni mwanangu Kamaludin, nyote mwamjua! Mkewe kazaa alfajiri ya leo, na hiki kitoto hakiyaadhiniwa sikioni, chamngoya babake! Mfungueni!")

Asante, Bi. Hoja yako tumeipokea na tutaifikia mbele, iko kwenye ratiba chini ya mengineyo. Mtoto asubiri. Hata mimi nilizaliwa nikasubiri.

Sasa, ndugu zangu, wapo wanaouliza, vita hivi vilianzaje? Vilianza siku Mheshimiwa Naibu Katibu alipokuwa akipita juu yenu kwa ndege asubuhi, akielekea kwenye semina ya unyenyekevu, akatazama dirishani akaona, mbele ya mwamba wenu, kisiwa kizuri, cheupe, kisicho na mtu. Akafurahi. Akakipa jina lake. Jioni aliporudi akatazama tena, na kisiwa hakipo! Kisiwa kizima, ndugu zangu, si kuku! Nawauliza, kisiwa hutembea? Hakitembei. Basi kimetwaliwa. Kimetwaliwa na nani? Na adui. Adui gani? Hilo ni suala la usalama wa taifa, na jina lake ni siri kubwa kiasi kwamba hata adui mwenyewe hajaelezwa.

(Kicheko. Mzee Sadiq, nahodha wa zamani, kutoka nyuma: "Lile ni fungu la mtanga, bwana! Mai yakitoka laonekana, mai yakiyaa lafunikwa! Tangu babu zetu!")

Mzee, hiyo nadharia ya maji kujaa na kupwa tuliipokea, tukaikabidhi kamati ndogo ya wataalamu, ikaonekana haina mashiko, kwa sababu wajumbe wote wa kamati wanatoka sehemu ambazo maji yakiwekwa mahali hukaa.

Na matokeo mmeyaona. Operesheni yetu imefanikiwa kwa asilimia mia na nne. Alfajiri tulikikomboa kisiwa, adhuhuri adui akakitwaa, magharibi tukakikomboa tena, bila risasi hata moja, bila tone la damu. Taifa gani jingine duniani linashinda vita mara mbili kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo? Sikatai, tulipitia kipindi kigumu. Kuna wiki ambayo kisiwa hakikutokeza kabisa.

(Sauti: "Mai mafu hayo, hayatoki sana!")

Yalikuwa mafu kweli, tulikaribia kukata tamaa, ndipo Wizara ikaongezewa bajeti. Bendera yetu ya kwanza iling'olewa usiku na adui. Tuliikuta ufuoni Mbwajumali, imelowa, imezongwa na mwani, dalili zote za mateso. Niliipigia saluti nikalia. Jeruto ana picha.

(Jeruto anaonyesha picha. Ni ya Patroba tu, bendera haionekani.)

Nikija kwa huyu mateka. Vijana wetu walimkuta juzi asubuhi amesimama katikati ya kisiwa chetu, maji magotini, miwani ya kioo imemfunika uso hadi puani, na mkononi ameshika kijiti ambacho nchani kwake palifungwa pweza. Hai! Sasa nawauliza ninyi ni watu wazima: mtu mwema anatembea na pweza kwenye kijiti kufanya nini? Wataalamu wetu waliitambua mara moja kuwa ni silaha ya kibaiolojia. Alipohojiwa akasema, na ninanukuu, eti pweza huyo huingizwa kwenye mapango ya mwambani ili kamba mawe, wale kamba wakubwa wa baharini, wamwogope, watoke nje, wakamatwe. Kamba atoke kwa hofu! Mmewahi kusikia jambo kama hilo?

(Umati mzima: "Ndiyo!" Kamaludin, kwa upole: "Ndiyo kazi yetu, bwana. Hata Kiptoo wako nimemfundisha.")

(Konstebo Kiptoo, aliyeshika ufunguo wa pingu, anatazama viatu vyake.)

Konstebo Kiptoo hana la kusema kwa sasa. Na kuhusu wale kamba, kikapu kizima, walichukuliwa kama vielelezo, vikapelekwa kwenye meza ya kamati, na kwa masikitiko makubwa vielelezo hivyo viliharibika kutokana na ndimu.

(Bi Alawiya: "Mwenenda mbali, Bwana Patroba! Nimekuuliza mwanangu, wanijibu kamba!")

Bi, nami ni mzazi, namcha Mungu, kila asubuhi nafungua Biblia kabla ya simu. Jeruto, ile maikrofoni izime kidogo. Imezimwa? Vizuri.

(Haijazimwa. Vipaza sauti vya msikitini, vilivyoazimwa kwa siku hiyo, vinampeleka hadi nyumba ya mwisho.)

Sogeeni, ndugu zangu, hili liwe baina yetu, maana mimi ninyi nimewazoea, nimekula pilau zenu. Mnakumbuka vijana wenu walivyokuwa wakiandamana kuuliza ule mtambo wa maji matamu, ulioahidiwa, ukazinduliwa, ukakatiwa utepe, na mahali pake hadi leo pana utepe tu? Kila siku, maji, maji, maji. Mheshimiwa hakulala. Na uchaguzi mdogo ulikuwa unakaribia, na kila mtu aliyetumwa kupima upepo alirudi anatikisa kichwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshauri, Mungu anisamehe, nikamwambia, bosi, mtu mwenye vita haulizwi maji. Na kweli! Siku tuliyotangaza vita maandamano yakakoma. Mtu akiuliza mtambo, sisi tunamwuliza: wewe uko upande wa nani? Ananyamaza. Uchaguzi ukasogezwa mbele hadi hali itulie, na hali tunaitunza sisi. Na ule mwamba wa kamba, ambao tumewakataza kuusogelea kwa ajili ya usalama wenu, shemeji yake Mheshimiwa ameupenda sana, ana hoteli, ana majokofu, na wageni wake, ndugu zangu, wanakula kamba kama wanaofungua saumu. Ndiyo siasa hiyo. Mimi sipati kitu. Kiwanja kimoja tu. Na hicho chenyewe kina mteremko.

Mbona mmenyamaza hivyo? Jeruto, mbona wamenyamaza? Washa maikrofoni.

(Jeruto anamnong'oneza. Patroba anakunywa maji ya chupa, anakohoa, anageuza kurasa.)

Ee, kama nilivyokuwa nikisema, uwazi ndiyo nguzo ya Wizara yetu!

Kwa hiyo leo tunatia sahihi mkataba wa amani, maana makao makuu wanataka vita vifungwe kabla ya kufunga mwaka wa fedha. Ila tumekutana na changamoto ya kiufundi. Mkataba unahitaji pande mbili. Tumemtafuta adui kila mahali. Tumemwandikia barua kwa anwani ya kisiwa, barua imerudi imelowa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mamlaka niliyojipa, Bwana Kamaludin atatia sahihi kwa niaba ya adui.

(Kelele. Mzee Sadiq: "Mwenye nti yake atie sahihi kwa adui!")

Mzee, asipotia sahihi vita vinaendelea, na vita vikiendelea mateka anabaki mateka, hiyo ni sheria ya kimataifa, si mimi.

(Kamaludin anasimama. "Nikitia sahihi, naenda kwangu leo hii?")

Utarejeshwa nchini kwenu kwa heshima zote. Kwenu ni wapi, kwa ajili ya kumbukumbu?

(Umati, kwa sauti moja: "Pale nyuma ya msikiti!")

Jeruto, andika: nyuma ya msikiti. Panahitaji pasipoti? Hapana? Basi mfungue mkono mmoja, Kiptoo, ule wa kuandikia.

(Kamaludin anamtazama mama yake. Bi Alawiya anatikisa kichwa kukataa, kisha anakitazama kitoto, kisha anainamisha uso. Kamaludin anaandika jina lake. Kiptoo, bila kuambiwa, anafungua na mkono wa pili.)

Amani! Simameni tupige miito. Nikisema "Kisiwa chetu", mnasema "kiko imara". Kisiwa chetu!

("Kimezama!")

Adui wetu!

("Hayupo!")

Maji ya kunywa!

("Hayapo vile vile!")

Hiyo haikuwa kwenye ratiba, lakini nimependa hamasa. Kwa kumalizia nina shukrani za dhati. Nawashukuru wanamaji wetu shupavu, ambao wataajiriwa mwakani. Rubani wa helikopta ya kivita, ambayo bado iko kwenye zabuni. Majeruhi wetu wote, yaani mimi, niliyejikwaa nikishuka kwenye boti. Na kwa namna ya pekee nchi jirani, ambayo imevumilia vita hivi vyote kwa utulivu wa hali ya juu, na ambayo, kwa taarifa niliyopokea asubuhi hii, mpaka leo hakuna aliyekumbuka kuiarifu kwamba ilikuwa vitani. Mwamba utabaki umefungwa kwa ajili ya kulinda amani. Soda zimechelewa. Mungu awabariki. Sasa picha ya pamoja, mateka akae katikati. Mateka! Mateka anakwenda wapi?

(Kamaludin amekwishafika kwa mama yake. Alama nyekundu za pingu bado ziko mikononi. Anakipokea kitoto, anageukia kibla, anainama hadi midomo inakaribia sikio dogo la kulia, na anaanza kuadhini kwa sauti ya chini. Kiptoo amevua kofia.)

Mnaona wenyewe? Ameinama. Jeruto, andika haraka: adui amejisalimisha.