Daktari wa Redio Amekwamwa na Mwiba wa Samaki

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, na niliifuata mwenyewe kwa miguu yangu.

Wanaonijua wanajua. Kwa wasionijua: mimi ndiye Daktari Zuberi wa mchezo wa redio wa Jumapili jioni. Ile sauti nzito inayosema, "Mama, kaa chini, tuzungumze taratibu." Ndiyo hii. Lakini kwa kazi nauza rangi za nyumba katika duka moja hapa mjini Kisumu. Shule niliishia kidato cha nne, na baiolojia ilinishinda (mwalimu alinishauri kwa upole nijaribu kwaya). Siku moja nilipeleka ndoo mbili za rangi nyeupe kwenye kituo cha redio, nikauliza choo kiko wapi, mtayarishaji akageuka akasema, "Hiyo sauti ni ya daktari!" Miaka sita sasa.

Na Daktari Zuberi ni daktari kwelikweli. Hana foleni. Hakosei. Haishiwi na dawa. Mgonjwa wake anapona kabla ya tangazo la sabuni. Watu wanampenda hadi wananifuata dukani: "Daktari, hii goti yangu inanisumbua." Nami, badala ya kusema mimi ni muuza rangi, nashusha sauti na kuuliza, "Limeanza lini?"

(Najua. Endeleeni kusoma, hamjaona kitu.)

Nijitetee kidogo: mwishoni huwa nawaambia waende hospitali. Ila kwanza nafaidi ile heshima. Heshima ni tamu jamani, na mtu aliyezoea kuulizwa "hii nyeupe haigeuki manjano?" akiitwa Daktari mbele za watu, mgongo unanyooka wenyewe.

Basi leo Alhamisi, saa saba, nimerudi nyumbani, mtaa wa Manyatta, kula. Mama Salma, mke wangu, amepika samaki, ngege wa mchuzi, na ugali. Marudio ya mchezo hurushwa saa hiyohiyo, na mimi huongeza sauti ya redio ili majirani nao wafaidi. Daktari Zuberi alikuwa anamkanya kijana mmoja anayeficha ugonjwa. "Mficha maradhi," akasema kwa ule uzito wake, "kifo humuumbua."

Mimi, mdomo umejaa samaki, nikaitikia: "Kweli kabisa!"

Nilijiunga mkono mwenyewe. Na mwiba ukaingia.

Sasa, mtu wa Kisumu kukwamwa na mwiba wa samaki si jambo la kusimulia. Hapa mtoto anajua kuchambua ngege kabla hajajua kuandika jina lake. Afadhali useme umepigwa na kuku.

Na kuna jambo baya zaidi. Mwaka jana tulifanya kipindi kizima kuhusu mwiba kooni. Daktari Zuberi alifoka: "Usimeze tonge la ugali! Unausukuma ndani zaidi! Nenda hospitali utolewe!" Maneno hayo nilirekodi mara tatu kwa sababu mbwa alikuwa anabweka nje. Hakuna mtu Manyatta nzima aliyejua jambo hilo kuliko mimi.

Nikameza tonge la ugali.

Zima zima, bila kutafuna. Mwiba haukutikisika. Nikafinyanga la pili.

"Baba Salma," mke wangu akasema polepole, "si ni wewe ulikataza watu kwa redio?"

"Ile ni redio," nikamjibu.

La tatu. La nne. La tano lilikuwa na ukubwa wa yai la bata, nikaona nyota saa saba mchana. Mwiba ukabaki palepale, sasa na wageni.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nawaambia ukweli kwa kuwa leo sina tena cha kuficha. Niliogopa. Nilifikiria chuma cha daktari kikiingia kooni. Mama Salma hakubishana na mimi. Alinirushia viatu, kimoja baada ya kingine. "Kliniki. Sasa."

Kliniki yenyewe ni ndogo, ya mtaani. Kuna benchi la kusubiri, halafu pazia, na nyuma ya pazia ndiko daktari aliko. (Pazia. Si ukuta. Wekeni hilo akilini.) Dada wa mapokezi akaniuliza jina. Nikanong'ona. "Ongeza sauti, Mzee." Nikaongeza. Na hata ikiwa imechubuka, sauti ni sauti.

"Yesu wangu!" mama mmoja akaruka kwenye benchi. "Hiyo sauti! Daktari Zuberi!"

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kikapu cha samaki wakavu magotini. Akajitambulisha: Mama Nekesa, mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria, amekuja jana kwa binti yake aliyeolewa hapa Manyatta. Akawasukuma watu, nikapewa nafasi karibu naye. Kisha akaligeukia benchi zima.

"Mnaona huyu? Huyu aliniokolea mjukuu! Mtoto alikwamwa na mfupa, watu wote wamefinyanga ugali wamengojea. Nikasema, hapana! Daktari amekataza! Nikamshika mtoto, nikapanda pikipiki mpaka hospitali, mfupa ikatolewa. Leo huyo mtoto iko darasa la tatu!"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasimama kunipa mkono. Nami, mwiba kooni na matonge matano tumboni, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Na leo umekuja kuangalia wagonjwa?" Mama Nekesa akauliza.

"Nimepitia tu," nikasema, kadi ya foleni namba kumi na nne mkononi.

Akanisogelea. Sauti yake ikashuka hadi nikalazimika kuinama.

"Wewe nitakuambia, kwa sababu wewe ni kama mtu wa nyumbani. Niko na kitu hapa kwa titi. Tangu Pasaka. Haiumi. Msichana wangu hajui, nimemwambia nimekuja kupima presha. Nilikuskia kwa redio ukisema uvimbe haiumi ndiyo ya kukimbilia hospitali. Ndiyo nikakuja. Lakini Daktari, naogopa. Nikirudi nyumbani leo, nikuje mwezi ujao, ni mbaya?"

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema, "Mama, mimi si daktari." Mdomo ulikuwa wangu, nafasi nilikuwa nayo. Nikaufungua, na kikatoka hiki: "Mama, kaa chini, tuzungumze taratibu."

Alikuwa ameketi.

Nikaongeza haraka, "Ingia leo, Mama. Usirudi." Akaitikia kwa kichwa, akashika kikapu chake kwa nguvu. Nilijisikia vibaya, lakini si vibaya vya kutosha kusema ukweli.

Dada wa mapokezi akaita namba kumi na moja. Benchi likakataa. "Daktari atangulie!" wakasema. "Daktari hapangi foleni!" Wakanisukuma kwa heshima zote hadi nyuma ya pazia.

Daktari wa kweli alikuwa binti mdogo, pengine rika la mpwa wangu, taa ndogo kwenye paji la uso.

"Shida ni nini, Mzee?"

"Mwiba," nikanong'ona.

"Umemeza kitu ya kuisukuma?"

"Hapana."

"Fungua mdomo. Sema aaa."

Nikafungua. Akachungulia. Akarekebisha taa. Akachungulia tena.

"Mzee," akasema, na Mungu alimpa binti huyo sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, "na hii ugali?"

Nje, nikasikia watu wa benchi wakisogea karibu na pazia.

"Aaa," nikasema.

"Imeshikana hapa na mfupa! Ulimeza tonge ngapi?"

Akautoa mkono mdomoni mwangu ili nijibu. "Moja," nikasema.

"Mzee."

"Tano."

"TANO? Kwani hamskizi redio? Si kuna daktari mmoja hukataza hiyo maneno kila siku?"

Upande wa pili wa pazia mtu mmoja akaanza kucheka. Akafuatwa na wa pili. Kisha koleo likaingia, mwiba ukatoka, na mimi nikapiga ukelele kwa sauti nyembamba ambayo hakuna redio imewahi kuirusha. Watu benchini wakavunjika mbavu. Yule mzee aliyenipa mkono nilimsikia akikohoa kwa kicheko.

Kungekuwa na mlango wa nyuma ningeupitia. Nikatoka kupitia pazia, macho chini, nikitegemea Mama Nekesa naye awe anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anafunga kikapu chake kwa leso. Akasimama, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaelekea langoni.

Hapo kicheko cha watu hakikunihusu tena. Niliona tu mgongo wa mama mwenye uvimbe tangu Pasaka ukienda zake, na nikajua ukifika Port Victoria hautarudi. Nikakimbia. Nikamkuta langoni.

"Mama Nekesa, ngoja."

"Ningoje nini? Ulisema, nikaamini. Kumbe hata wewe mwenyewe huamini."

"Mama, mimi si daktari."

"Hiyo nimeshaona."

"Nauza rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya nyumba."

Akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Na ile maneno ya uvimbe, ulitoa wapi?"

"Naandikiwa. Kuna nesi mstaafu husoma kila kitu kabla sijakisema. Yeye ndiye anayejua. Mimi natia sauti tu. Maneno ni ya kweli, Mama. Wa uongo ni mimi."

"Na kama ulijua ni ya kweli, ugali ulimezea nini?"

Hapakuwa na karatasi ya kusoma. Koo lilikuwa linawaka na sauti imebaki nusu.

"Niliogopa."

"Nini?"

"Hicho chuma. Na kuambiwa kitu kibaya. Na kuonekana naogopa."

Mama Nekesa akashusha kikapu chini. Akaangalia barabarani.

"Daktari Zuberi hajawahi kuogopa," akasema.

"Hajawahi."

"Na wagonjwa yake pia. Wanaambiwa mambo mazito, wanasema asante daktari, wanaenda. Mimi nikiskiza nashika hapa, nalia. Nikadhani ni mimi peke yangu niko mwoga hivi. Nikaona haya hata kuambia msichana wangu."

Hapo niliumia kuliko nilivyoumia na mwiba. Miaka sita nimejivunia kwamba Zuberi hatetemeki. Kumbe kuna mama alikuwa ameketi kando ya redio yake anajiona duni kwa sababu anatetemeka, na mimi huku dukani nanyoosha mgongo.

"Ilikuwa uchungu?" akauliza ghafla. "Ile koleo?"

"Mama, si ulinisikia?"

"Nilidhani ni mbuzi."

Na hapo akacheka. Alicheka hadi akashikilia nguzo ya lango, machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Nikamsubiri. Alipomaliza akajipangusa kwa ncha ya leso.

"Haya. Turudi," akasema. "Lakini wewe utakaa kwa benchi. Na usiniongeleshe na hiyo sauti yako ya redio."

Tukarudi. Watu walianza kucheka tena waliponiona, Mama Nekesa akawakata jicho, wakatulia. Namba yake ilipoitwa akanipa kikapu nikishike. Akaingia. Nikaketi na samaki wakavu magotini, na kwa mara ya kwanza leo hakuna aliyeniuliza kitu. Alikaa ndani muda mrefu. Nilisikia sauti ya yule binti daktari, safari hii chini sana, hata pazia halikupitisha neno.

Alipotoka alikuwa na karatasi. Macho mekundu, lakini anatembea wima.

"Amesema hajui bado ni nini," akaniambia. "Hawezi kunidanganya. Jumatatu niende hospitali kubwa, nipigwe picha. Nimemwambia naogopa, akasema hata yeye angeogopa." Akaikunja karatasi, akaiweka kifuani. "Sasa naenda kuambia msichana wangu. Halafu Jumatatu na wewe utakuja."

"Mimi? Nije kama nani?"

"Kama mwoga mwenzangu. Saa moja asubuhi. Foleni ya huko ni mbaya."

Nimefika nyumbani, Mama Salma tayari anajua kila kitu (Manyatta haihitaji redio). Amecheka hadi akaketi sakafuni. Nimeandika haya mwenyewe ili msiyapate kwa mtu mwingine yakiwa na matonge kumi. Naomba sana msinicheke. Na kama imewashinda, basi chekeni leo mpaka Jumapili mmalize, kwa sababu Jumatatu sitakuwa na nafasi ya utani. Jumatatu nina mgonjwa.