Rota ya Foklifti

Jumatatu, 3 Machi

Gari haliwaki. Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kulalamika, halafu nikamwita fundi. Akafungua distributa, akachomoa rota, akanionyesha ufa. Rota ni kile kidude cheusi, kidogo kuliko kikombe cha kahawa, kinachozunguka ndani ya distributa na kuigawia kila plagi moto wake. Ikipasuka, hakuna moto. Fundi alisema gari la umri huu, rota yake si ya kuokota barabarani. Nikamkumbusha kwamba anaongea na mtunza stoo wa miaka kumi na tisa. Hakuonekana kushtuka.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa saa mbili asubuhi Mama Mkwe anatakiwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho. Amesubiri zamu yake miezi saba. Akichelewa, anarudi mkiani. Naye amesema atakwenda kwa gari la marehemu mume wake, si jingine. Gari hilo alinipa mimi miaka mitatu iliyopita, akamruka mwanawe wa kumzaa, yaani shemeji yangu. Leo amesema kwa upole kwamba likishindwa kumfikisha Ijumaa, basi bora shemeji alichukue. Upole wake huwa unanitia wasiwasi.

Kwa kuwa haoni vizuri, kila Jumapili mimi humpa taarifa ya gari. Linang'aa, mama. Rangi ni ile ile, mama. Huo siuiti uongo. Ni taarifa ya matarajio.

Shemeji amepiga simu. Eti anamjua mtu wa kuagiza rota halisi, itafika Alhamisi. Nimemwambia asijisumbue. Kila kitu duniani kina mbadala!

Jumanne, 4 Machi

Duka la spea, asubuhi. Muuzaji tunamwita Hakuna, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza. Nikamwekea rota mezani. Akasema hakuna. Nikamwomba aitazame kwanza. Akaitazama, akasema hakuna kabisa. Nikauliza kama anayo inayofanana nayo. Akataka kujua nimekuja kununua spea au kununua sura. Swali la kijinga. Vitu viwili vikifanana, kilichobaki ni kulazimisha.

Nikatoka na rota ya gari la aina nyingine. Ndefu kidogo. Nikaisugua kwa msasa mpaka kifuniko cha distributa kikakubali kufunga. Nikapiga stata. Ukasikika mlio wa mtu anayetafuna karanga. Kufungua, rota imekuwa unga.

Jaribio la pili: rota yetu ya zamani, gundi kwenye ufa. Gari likawaka! Likakohoa mara tatu, likanyamaza. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akauliza kwa nini nisimpigie tu kaka yake. Nikamweleza kwamba utafiti hauendeshwi kwa simu. Akaendelea kuanika.

Alasiri, kazini, kwenye ghala la vigae. Foklifti yetu, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilipita mbele ya meza yangu, imebeba masanduku. Ule mlio! Ninaujua ule mlio. Dereva alipokwenda kunywa maji nikafunua kiti na kuchungulia injini. Ni ndugu wa tumbo moja na injini ya gari letu. Distributa ni pacha kabisa. Miaka kumi na tisa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye jibu!

Jumatano, 5 Machi

Utaratibu ni utaratibu. Hakuna kitu kinachotoka stoo bila fomu, hata kwa ajili yangu. Nikajaza. Mwombaji: mimi. Kifaa: rota moja. Sababu: majaribio. Kisha nikajipelekea. Nikaisoma kwa makini, nikajiuliza maswali mawili, nikaridhika na majibu, nikagonga muhuri.

Gari lilikuwa limeshavutwa kwa kamba na lori la mizigo la asubuhi, likaingizwa ghalani, nyuma ya rafu za vigae. Saa saba dereva wa foklifti akaenda kula. Nikabadilisha. Rota ya foklifti ikaingia kwenye gari kama pete kwenye chanda. Ile yetu ya ufa, sasa ina gundi tabaka mbili, nikaifunga kwenye foklifti. Hakuna atakayesema nilimwachia mtu mashine tupu.

Gari likawaka kwa mguso mmoja. Nilikaa ndani nikilisikiliza linavyonguruma, nikaiwaza sura ya shemeji. Saa nzuri kuliko zote mwaka huu.

Saa tisa. Foklifti imezimika. Imezimikia mlangoni, masanduku ya vigae yako juu, na ghala hili lina mlango mmoja. Haisukumiki, mzigo unayumba. Meneja ameagiza hakuna kuigusa mpaka kesho.

Gari liko ndani. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu aliuliza nimeliacha wapi. Nikasema liko mahali salama. Na kweli, leo hakuna mwizi anayeweza kulitoa mle.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja ameniita. Kama mtunza stoo, nimepewa kazi ya kutafuta rota ya foklifti kabla ya saa sita. Nikamwambia kifaa hicho ni adimu sana. Akasema ndiyo maana amenipa mimi. Nilifurahi kidogo, halafu nikakumbuka hali halisi.

Dereva wa foklifti ni mwanamke wa makamo ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa. Alinivuta pembeni, akafungua kiganja. Mlikuwa na rota yenye gundi, imepasuka tena. Akasema mashine ile ameiendesha miaka kumi na mmoja na hajawahi kuipaka gundi. Hakuuliza ni nani aliyeipaka. Macho yake yalikuwa yameshatoka kwangu yakaenda nyuma ya rafu za vigae.

"Kaka, rota ya foklifti ina breki ndani yake," akasema. "Kuna kichuma na springi. Injini ikichangamka tu, kinakata moto, mashine isije ikakimbia humu ghalani. Ukiifunga kwenye gari, utatembea nayo kama unamsindikiza mgeni."

Nikamshukuru kwa maoni yake. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba sikio langu ni zima, tunayemshughulikia ni mgonjwa wa jicho.

Saa tano akatokea shemeji pale ghalani, ana kijisanduku mkononi. Aliagiza tangu Jumatatu, pamoja na katazo langu. Ndani, rota mpya kabisa, ya gari letu hasa. Hakunisimanga, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Funga hii, shem," akasema. "Mama afike tu."

Basi nikawa na rota mbili nzima na injini mbili. Mtu wa kawaida angeifunga ile mpya kwenye gari na kuirudishia foklifti yake. Lakini ningefanya hivyo, kesho Mama Mkwe angefika kwa rota ya shemeji. Miaka mitatu ya kulitunza gari, halafu sifa zote ziende kwa mwenye kijisanduku! Nikaifunga mpya kwenye foklifti. Ikawaka, ikashusha mzigo, ikatoka mlangoni. Meneja akanipa mkono. Dada Mkubwa alitikisa kichwa tu.

Nimerudi nyumbani na gari. Barabara ilikuwa na msongamano, kwa hiyo sikupata nafasi ya kupima mwendo.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi. Mama Mkwe akakaa mbele, mke wangu nyuma. Mama akapapasa dashibodi kwa vidole, polepole, mpaka mwisho. Nilipowasha, akatabasamu, akasema injini ni ile ile ya mzee. Hapo nilifurahi kweli kweli, wala si kwa ajili ya kumshinda mtu.

Tulipofika barabara kuu nikakanyaga mafuta. Moto ukakata. Nikaachia, ukarudi. Nikakanyaga, ukakata. Nikijaribu gia kubwa, gari linatetemeka na kukosa nguvu. Ikabidi tuende kwa mwendo ambao gari lenyewe liliuchagua.

Tukapitwa na baiskeli. Tukapitwa na mkokoteni wa maji. Mzee mmoja mwenye mkongojo alitusalimia, tukajuliana hali, kisha akatuacha. Mama Mkwe akauliza mbona anasikia nyayo za watu pembeni. Nikamwambia naendesha kwa uangalifu kwa ajili ya jicho, na haraka haraka haina baraka. Akasema, sawa mwanangu.

Saa mbili kasorobo tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia. Mama akaanza kuufunga na kuufungua mkoba wake. Mke wangu akafungua mlango na kushuka bila mimi kusimama. Akatembea kando yetu, akatupita, akasimamisha teksi. Nikasema tuvumilie kidogo. Akaniambia amevumilia tangu Jumanne. Wakamhamishia mama kwenye teksi.

"We njoo taratibu, mwanangu," Mama Mkwe akasema. Sijui kama ilikuwa dhihaka. Natumaini haikuwa.

Nilifika saa nne na nusu. Mama alikuwa kwenye benchi, jicho limefungwa, anakunywa chai. Muuguzi alisema wangechelewa dakika mbili zaidi, jina lake lingefutwa. Nimemweleza mke wangu kwamba kimsingi ahadi imetimizwa: mama amefika hospitali, na gari limefika hospitali. Si kwa wakati mmoja tu.

Jumamosi, 8 Machi

Bendeji imetolewa. Mama Mkwe ameletwa kwetu na shemeji. Kwanza akaushika uso wa mke wangu, akautazama muda mrefu, akasema umekonda, na mvi hizi zimeanza lini? Wakalia wote wawili. Shemeji akageukia ukutani. Mimi nikaenda kuangalia kama birika limechemka.

Kisha akaomba apelekwe nje, kwenye gari.

Nilipendekeza apumzike. Nikasema jua ni kali kwa jicho jipya. Akasema ana hamu. Akatoka.

Akalizunguka taratibu. Mlango wa kushoto nilioupaka rangi ya rafu za stoo. Taa ya nyuma ambayo ni kifuniko cha chupa ya achari, chekundu, kinakaa vizuri sana. Kioo cha pembeni, ambacho mke wangu alikuwa akikitafuta chumbani tangu mwaka juzi. Bampa na kamba zake. Kutu akaigusa kwa kidole, akakitazama kidole. Nilianza kumweleza faida ya kila mbadala. Mke wangu alianza kunitetea, akaishia njiani. Mama akasema mwenye macho haambiwi tazama.

Akarudi akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, kila Jumapili ulikuwa unaniambia habari za gari gani?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Niliona aibu. Nakadiria ilidumu kama dakika nne, na ilikuwa kali.

Akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Akampa shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Gari limekwenda. Kumbe shemeji alikuwa ameshaonana na Dada Mkubwa: wamebadilishana, foklifti imerudishiwa rota yake na gari limefungwa ile mpya. Liliondoka kwa mngurumo, likakata kona ya mtaa kabla sijafika getini. Mama Mkwe alikuwa kiti cha mbele, dirisha wazi, anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kingine.

Uwanja wetu umebaki na doa la mafuta. Nimekaa nikalitazama.

Nimetafakari wiki nzima bila upendeleo. Kosa liko hospitali. Kwa miaka mitatu gari lilikuwa linang'aa, leo mtu ametolewa mtoto wa jicho anaona kutu. Jicho halijakaa sawa. Nimemshauri mke wangu amrudishe mama wakalipime upya. Amekwenda chumbani na kufunga mlango.

Jicho la pili ni mwezi Juni. Nimemtumia shemeji ujumbe kwamba siku hiyo nitaendesha mimi, na vipuri vyote nitavishughulikia mwenyewe. Saa tano zimepita, hajajibu. Nadhani simu yake imekufa betri. Ninayo moja stoo inayokaribia kuingia.