Namba za Bibi Shoka

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekubali! Miezi minane tangu baba mkwe atutoke, ile meza yao imekaa imefunikwa kitambaa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Leo mke wangu amerudi kutoka kwa mama yake na habari njema. Jumapili tunacheza tena.

Kwa faida ya atakayeiokota shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri, nieleze. Mchezo wetu ni wa mezani. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na karatasi inayosema mtu huyo ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, uhai pointi ngapi. Msimulizi anaeleza hatari, sisi tunasema watu wetu wanafanya nini, dadu inaamua. Uhai ukiisha, umekufa. Mimi nimekufa mara tano. Mtu wangu ni mwizi hodari aitwaye Kivuli, na huyu wa sasa ni Kivuli wa Sita. Mama mkwe ana Bibi Shoka, yuleyule mmoja kwa miaka kumi na miwili. Msimulizi alikuwa baba mkwe. Sasa kiti kakirithi mke wangu.

Mama ana sharti moja. Karatasi yake imechanika kwenye mikunjo, haishikiki tena. Tumhamishie Bibi Shoka kwenye kompyuta, mzima mzima, bila kupungua hata unywele. Akipungua, yeye harudi mezani. Alisema hivyo, akaendelea kumenya viazi.

Kwa hiyo inatakiwa programu ya kutengenezea wahusika. Nani aichague? Nilijitolea kabla mke wangu hajamaliza kusema. Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake wodini wanaodai wamepona.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji naye kajitolea! Kaka wa mke wangu. Mpimaji ardhi. Mtu wa kupigia rula hata chini ya salamu. Ameleta programu yake: ukurasa mweupe wenye visanduku. Unaandika utakacho, inapokea. Andika una vichwa vitatu, inapokea. Haina picha! Haina sauti! Nikamwambia hiyo si programu, hilo ni daftari lililovaa suti.

Yangu ni kitu kingine. Inachora sura. Inapiga tarumbeta mhusika akizaliwa. Na zaidi ya yote, inajua kanuni zote za mchezo na haikubali makosa. Weka namba isiyowezekana, kisanduku kinawaka chekundu, kengele inakemea, na haihifadhi mpaka ujirekebishe.

Hapo ndipo penye siri yangu. Simba Chuma, mtu wa shemeji, hajawahi kufa. Miaka kumi na miwili! Mimi nazika Vivuli, yeye anapangusa upanga. Haiwezekani. Anaiba namba, na programu yangu itamwumbua mbele ya mama yake. Mimi nitajifanya nimeshangaa. Leo nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya mlango wa friji la mteja nililoitwa kulitengeneza, unang'aa vizuri. Mteja akaniuliza kama gesi imenipanda kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Kura imepigwa asubuhi kwenye kundi la familia. Sikulala mimi! Nilimtumia mama picha ya Bibi Shoka iliyochorwa na programu yangu, mvi kichwani, shoka begani. Akajibu kwamba pua si yake ila macho ni yenyewe. Mke wangu akaenda na mama yake. Watatu kwa mmoja! Nikamtumia shemeji pole yenye maua.

Mke wangu yuko zamu hadi jioni, nikaiweka programu kwenye kompyuta yake. Ikalalamika nafasi haitoshi. Nikafuta faili moja nono lenye jina la ajabu, "Mwisho Kabisa Hili Ndilo".

Jioni. Lilikuwa pango lake. Pango la mchezo wa Jumapili, ameliandika na kulichorea ramani kwa majuma matatu, tangu kabla mama hajakubali. Vyumba, mitego, joka. Kwa ajili ya kumkaribisha mama yake mezani. Alikaa mbele ya kompyuta sare ya kazi ikiwa bado mwilini, akaniuliza kompyuta imepatwa na nini. Nikasema huenda ni virusi. Akasema basi ataandika upya. Hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuingiza wahusika, karatasi zao zote ninazo. Wa kwanza Simba Chuma. Nguvu, kijani. Akili, kijani. Uhai, kijani. Nikarudia. Kijani tupu! Shemeji ni msafi kama pamba. Nikakumbuka kwamba kwenye kila mlango wa hatari humtanguliza Kivuli.

Nikaingiza wangu. Nyekundu! Kumbe programu inasema nina pointi pungufu. Pointi tisa nilizostahili, sikuwahi kujiandikia. Naogopa hata kuwafikiria wale marehemu watano.

Nikaingiza Bibi Shoka. Uhai, 89. Nyekundu. Programu inasema hawezi kuzidi 58. Nikaandika upya taratibu. Nyekundu, na ile kengele ya kukemea niliyoisifia kwa watu. Nikaigeuza karatasi. Nyuma yake, pembeni, kuna vistari vidogo vya penseli nene ya seremala, vitano vitano, kama mtu anayehesabu mbao. Nikavihesabu. Thelathini na kimoja. Hamsini na nane ukijumlisha thelathini na moja unapata themanini na tisa.

Baba mkwe alikuwa seremala. Hata meza ile aliiunda yeye.

Mzee alikuwa akimwongezea mkewe pointi kwa siri! Mtu aliyenizika mara tano huku akisema kanuni ni kanuni! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaacha kucheka. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nilimtegea shemeji, nimemnasa marehemu. Jumapili Bibi Shoka atapunguzwa pointi thelathini na moja mbele ya watu, na mama atainuka aende zake. Tutakuwa tumempoteza mezani, na mimi ndiye niliyeshinda kura.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya: programu yangu lazima ishindwe, bila mtu kujua kwa nini.

Nikaenda ofisini kwa shemeji. Nikamwambia nimetafakari, yake ndiyo bora. Akaweka kalamu chini, akauliza kama naumwa. Nikasifia visanduku vyake. Nikasema ule weupe unapumzisha macho. Akasema shemeji, nakujua kuliko unavyojijua, hapa pana mtego. Sasa anaitaka yangu hasa, na namba ataziingiza yeye mwenyewe mbele ya wote. Miaka yote namdanganya ananiamini. Leo ndiyo kafumbua macho!

Nyumbani nikajaribu kuizunguka programu. Nikamgeuza Bibi Shoka kuwa jitu. Uhai ukafika 71. Nikaongeza kwamba jitu hilo lililelewa na dubu. Ukafika 74, na kwenye picha akaota manyoya mashavuni. Nikaacha.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu anaandika pango upya, safari hii kwenye daftari kwa penseli, maana kompyuta haiamini tena. Limekuwa dogo, vyumba vitano tu. Anasema vitatosha, joka lipo. Nikampelekea chai. Nikasimama pale. Nilikuwa naukaribia ukweli kabisa. Nikamwambia chai ina sukari.

Jumapili, 9 Machi

Kitambaa kimeondolewa. Mama alikaa mahali pake, mke wangu kwenye kiti cha baba yake, akikaa ukingoni kana kwamba anakiazima. Shemeji akavuta kompyuta. Simba Chuma, kijani, tarumbeta. Akanyoosha mkono kuchukua karatasi ya mama.

Nikapiga kelele kwamba angoje! Wakanitazama wote. Sikuwa na mpango. Mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuwa na mpango wowote.

Nikasema mimi ni mwizi wa namba. Nikasema nimejiongezea pointi miaka nenda miaka rudi, na programu hii itaniumbua, nawaomba kwa hisani yao tutumie ile ya shemeji inayopokea kila kitu. Halafu shemeji akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza: yaani uliiba, na bado ukafa mara tano? Mke wangu alijifunika daftari usoni, mabega yakimtikisika. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Mama peke yake hakucheka. Akasema tuchukue ile nyeupe, tumsitiri mkwe wetu. Neno lake halipingwi. Shemeji akaandika themanini na tisa, programu ikapokea bila hata kukohoa. Bibi Shoka kaingia mzima.

Tulicheza kwa saa tatu. Joka lilitoroka, litarudi juma lijalo. Mama alicheka mara nne, nilihesabu.

Baadaye nilikuwa naosha vikombe, akaja na kitambaa cha kukaushia. Akaniambia anajua sikuiba, mwizi hafi vile. Akauliza kama niliviona vistari. Nikakubali. Alikausha kikombe kimoja kwa muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba mzee hakuweza kusema samahani. Tangu ujana wao. Maneno mengine yote aliyaweza, na kuimba aliweza, neno hilo ndilo lilimkwama. Basi akimkosea, Jumapili aliichukua karatasi yake, akajidai anaikagua, akaongeza moja. Mama naye akajidai haoni.

"Thelathini na moja," akasema, "na sikuisikia hata moja. Ningemrudishia zote, mwanangu, nisikie moja tu kwa mdomo wake."

Akanirudishia kikombe nilichokiosha vibaya, akasema wewe mdomo unao, na mkeo yupo. Sijui nani kamwambia habari za lile faili. Nadhani hakuna. Mama kafanya kazi ya ukunga miaka thelathini, akimwona mtu mwenye kitu ndani anamjua.

Nililia kidogo pale kwenye sinki. Nilimlilia mzee, ingawa alinizika mara tano. Nampenda mama huyu, basi niandike tu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo namwambia mke wangu ukweli. Nimepiga moyo konde. Nilimsubiri mlangoni tangu saa kumi na moja. Akaingia kachoka, akavua viatu, akauliza mbona nimesimama pale kama askari wa zamu. Nikafungua mdomo. Nikamwambia amependeza. Akasema asante, akaenda kuoga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu tena. Nikamwambia viatu vyake pia vimependeza. Ameanza kunitilia shaka.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata njia! Sijui kwa nini nilihangaika wiki nzima wakati dawa ilikuwa mkononi. Mke wangu ni msimulizi, hana mhusika wake. Lakini ana joka. Asubuhi alipokuwa bafuni nikafungua daftari lake, nikachukua penseli, nikaliongezea joka uhai pointi kumi. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Samahani yote imo humo, na hakuna aliyelazimika kufungua mdomo.

Mchana joka lilikataa kufa. Simba Chuma alipiga, likasimama. Bibi Shoka alipiga kwa shoka lake lote, likasimama. Kisha likamgeukia Kivuli wa Sita, ambaye shemeji alikuwa amemtanguliza. Tulimzika saa kumi.

Mke wangu hakuendelea na hadithi. Aliitazama ile namba daftarini, muda mrefu. Ni binti wa baba yake, namba iliyopanda yenyewe anaifahamu. Halafu akanitazama mimi. Macho yalimjaa machozi na huku anatabasamu, na sijawahi kumwona mzuri namna ile. Akaweka dadu chini. Akasubiri. Mama naye akaacha chai yake akasubiri. Hata shemeji alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Chumba kizima kilikuwa kinangoja niseme kitu.

Nikaelewa papo hapo.

Kumi hazitoshi. Kesho akienda zamu naongeza sita.