Unga Uliogeuka Mkononi mwa Sihaba

Guangzhou,
Mwezi wa Ramadhani, Desemba 1998

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Polisi cha mtaa wetu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mwenye subira. Mimi ni Sufian Abdulhadi wa Dar es Salaam, mnunuzi wa vitambaa, mpangaji wa hoteli moja hapa barabara ya Guangyuan Xilu. Nimeandika kwa Kiswahili. Ndugu Didas, Mtanzania mwenzangu anayesomea udaktari hapa, atakutafsiria. Ukali wowote utakaouona humu ni wake.

Naiheshimu sana sheria ya dawa za kulevya. Nimemzika mpwa wangu kwa sababu ya unga. Kwa hiyo nalalamika kama rafiki wa sheria:

1. Jumatatu askari wako walitupanga ukutani mlangoni mwa hoteli, Waafrika peke yetu, wakatupekua hadi soksi. Nyuma yetu alikuwepo Mzungu mnunuzi wa mabegi. Kwa adabu zake alifungua sanduku mwenyewe. Wakamwambia, "Bu yong, bu yong," yaani hakuna haja, apite tu. Maskini, akabaki na sanduku wazi. Kwa nini mumbague mgeni kiasi hicho?

2. Chumbani kwa dada yangu Sihaba walikuta mfuko wa unga mweupe. Ulikuwa unga wa mchele, kaununua duka la chini ya hoteli apike vitumbua vya futari. Wakamfunga pingu. Mwenye duka, laoban wa Kichina, akakimbilia kituoni na mfuko mwingine wa namna ile ile, akipaza sauti: "Huu ni wangu! Nauza kila siku!" Askari wakamshukuru, wakamrudisha dukani na mfuko wake. Dada yangu akalala ndani, akafuturu maji, mpaka vipimo vilipotoka. Kontena letu la Dar likaondoka bila vitambaa alivyonunua soko la Zhongda. Alipoachiwa aliniambia neno moja tu: "Kaka, nirudishe nyumbani."

Kwetu chakula na sumu vyote huitwa unga. Nilidhani ni umaskini wa lugha. Kumbe hata askari wako hawana neno la pili. Wao hutazama mkono ulioushika.

3. Basi kama ushahidi ni ngozi, mnajichosha bure na mifuko yetu. Ikamateni ngozi yenyewe pale uwanja wa ndege wa Baiyun tunaposhuka. Tuvueni, mtupe risiti, tutaichukua siku ya kuondoka.

4. Aliyemuuzia mpwa wangu alikuwa na suti na ofisi, wala hakupekuliwa hata siku moja. Hilo si kosa lako. Nalitaja kwa kuwa nimeshindwa kulisahau.

Ombi langu ni dogo: laoban abandike tangazo dukani, "Unga huu ni chakula hadi utakaponunuliwa na Mwafrika."

Wasalimie askari wote, wake zao, wazee wao, na yeyote atakayeuliza habari zetu.

Nabaki mpangaji wako mtiifu, niliyekwisha kupekuliwa,

Sufian Abdulhadi

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha nimeambiwa chumba kinachopakana na changu kapewa Mnaijeria. Simjui, wala sijamwona na kitu. Lakini, Bwana Mkuu, watu wale si unawajua? Tafadhali tuma askari wampekue mapema. Sisi wengine tuna majina yetu ya kulinda.